Ukituuliza boti itapita wapi, tunakujibu "tutaona asubuhi"

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dar es Salaam, anayepanga kuwaleta wazazi wake Rufiji mwezi wa nane, alituandikia hivi: "Mbona ratiba yenu ya boti haina majina ya sehemu? Wengine wameniandikia ziwa hili na ziwa lile. Nataka kujua nalipia nini." Ni swali la haki, na si yeye wa kwanza kuliuliza. Jibu tulilompa kwenye simu lilikuwa fupi mno, kwa hiyo tunaliandika hapa lote, ili na mwingine anayejiandaa kuja Mloka, kijiji chetu kando ya Rufiji tunakotembeza wageni kwa boti, alisome kabla hajatuma hela.

Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa lango la Mtemere, uko kwenye pembe moja tu ya hifadhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ni miombo, nchi kavu. Lakini huku mashariki mto Rufiji ukishatoka kwenye korongo la Stiegler unajiachia. Mkondo mmoja unagawanyika kuwa mitatu, minne, na katikati yake yanatokea mafungu ya mchanga, vijito, madimbwi, kisha maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu, Mzizima. Mivumo, miti ya jamii ya mnazi, imejipanga kando ya maji; mingine imefia wima ndani ya maji yenyewe, na juu ya vigogo hivyo hukaa furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, akingoja samaki. Ukitoka nje ya hifadhi bonde linaendelea, mashamba na vijiji, hadi kwenye mikoko ya delta na Bahari ya Hindi.

Ramani utakayoiona kwenye simu yako ilichorwa kwa picha ya siku moja. Mto haukusubiri.

Maji yanayopita Mloka hayatokani na mvua ya Mloka. Rufiji huzaliwa pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, na mbele kidogo Ruaha Mkuu unajiunga nao. Kilombero peke yake hubeba maji ya milima ya Udzungwa na ya bonde pana la mafuriko ambalo tangu mwaka 2002 linatambuliwa na Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ruaha Mkuu huanzia kule Mbeya, ukapita Usangu, ukapita mabwawa ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo huku tunaweza kuwa na jua kali siku nne mfululizo, na siku ya tano nahodha akaamka akakuta mti aliofungia boti uko ndani ya maji. Mvua ilinyesha Iringa. Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa maji, lipo pia Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya kuzalisha megawati 2,115, juu tu ya eneo letu. Kina cha maji huku chini sasa kinategemea mvua na pia maji yanayopitishwa pale bwawani. Sote tunakumbuka masika ya 2024, maji yalivyoingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti.

Mto ukipanda hivyo na kushuka, huhamisha mchanga. Kijito kilichokuwa na kina cha kuzamisha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, mwezi wa sita, mwezi wa tisa unaweza kukikuta kimezibwa, maji yakitiririka juu ya mchanga kwa kina cha kifundo cha mguu. Miaka michache nyuma sisi wenyewe tulikuwa tukiandika kwenye ratiba kwamba saa nne asubuhi wageni watakuwa ziwani. Tulipata familia moja kutoka Morogoro, watu sita, wamelipa na wamesafiri kwa ajili ya ziwa hilo. Tulipofika kwenye mlango wa kijito, maji yalikuwa yamepungua kiasi kwamba njia pekee iliyobaki ilikuwa upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo huo walikuwamo viboko, wamebanana bega kwa bega. Nahodha alizima mashine, akatazama kama dakika tano, akageuza boti. Baba wa familia alikasirika, na hatumlaumu hata kidogo, maana karatasi yetu ndiyo iliyomwahidi. Tulimrudishia pesa ya boti, na tangu siku hiyo hatuandiki jina la ziwa kwenye ratiba.

Kuhusu viboko tuseme zaidi, kwa sababu ndio wanaoamua njia yetu kuliko kitu kingine chochote.

Wageni wengi hudhani kiboko anaogelea. Haogelei, anatembea chini, juu ya sakafu ya mto, akijisukuma kwa miguu, na kila baada ya dakika chache anapanda kuvuta pumzi. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, usiku hutoka kwenda kula majani. Akishtuka, kimbilio lake ni kina kirefu. Hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia: boti ikikaa kati ya kiboko na maji marefu, umemfungia mlango wa nyumba yake. Nahodha mzuri humwachia kiboko upande wa kina, yeye anabaki upande wa maji mafupi, hata kama huko mashine inagusa mchanga na inabidi kushika upondo. Ukituona tumesogea pembeni kabisa na unajiuliza mbona hatukati katikati panapoonekana pamenyooka, sababu ni hiyo.

Pia nahodha anasoma uso wa maji. Mapovu yanayopanda kwa mstari, au kiwimbi chenye umbo la mkuki kinachokwenda kinyume na mkondo, ni mnyama anatembea chini. Maji yanayometameta kwa viwimbi vidogovidogo yanaficha fungu la mchanga. Maji laini kama mafuta yana kina, na penye kina kuna mwenyewe. Kiboko akipanua kinywa wageni hufurahi na kuomba tusogee wapate picha. Wanadhani anapiga miayo. Dume anayepanua kinywa akiwa amekuelekea anakuonyesha meno, anakwambia umefika mpaka. Tukiwa karibu hivyo tunarudi nyuma, na hatutarudi tena mbele hata ukiomba mara ya pili. Manahodha wetu wamekulia hapa. Baba zao walilima mlao, yaani walipanda mara tu maji ya mafuriko yalipojitoa shambani na kuacha tope bichi, na walilala kwenye madungu wakilinda mpunga. Watu wa hivyo walijua mto umefika wapi bila kupima kwa kijiti. Ukimlazimisha nahodha aliyelelewa na watu hao apite asipotaka kupita, unamlipa ili asitumie ujuzi ambao ndio uliokuleta kwetu.

Kipindi cha kiangazi, hasa kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, viboko hujaa sehemu chache zilizobaki na maji, na hasira zao huwa karibu. Ni wakati huohuo madimbwi ya porini yanapokauka na tembo, nyati, pundamilia na swala wanapolazimika kuja mtoni, kwa hiyo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuona wanyama ukiwa ndani ya boti. Tembo huvuka hadi visiwani. Huwa tunawakuta wakitafuta matunda ya mvumo yaliyoanguka. Msimu mzuri na msimu mgumu wa njia ni msimu mmoja. Hatuna namna ya kukupa kimoja tukakuondolea kingine.

Jambo la pili linaloleta manung'uniko ni mafungu ya mchanga. Mchanga wa Rufiji ni mweupe, unavutia, na karibu kila kundi lina mtu anayeomba ashuke dakika mbili apige picha. Hatushushi mtu. Sababu ya kwanza ni mamba, na Mloka si mahali pa kulizungumzia hilo kwa mzaha. Kuna familia hapa zilizopoteza watu wakichota maji. Mamba anayelala mchangani kinywa wazi anapunguza joto la mwili, hajalala fofofo, na jike hufukia mayai yake kwenye mchanga huohuo na kuyalinda karibu miezi mitatu mpaka yaanguliwe. Sababu ya pili haionekani kirahisi. Kuna ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye domo jekundu ambalo sehemu yake ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini kabisa akikata maji kwa domo hilo mpaka lisikie samaki. Huyu hajengi tundu. Anataga juu ya mchanga mtupu, wakati wa kiangazi, na jua likizidi huenda kulowesha manyoya ya tumbo ili ayapoze mayai. Mguu mmoja wa mgeni unatosha kuvunja mayai ambayo hata hakuyaona. Akitimuliwa kiotani saa sita mchana, mayai yanaungua. Tumeamua ni afadhali mgeni akasirike.

Kwa sababu inayofanana na hiyo tunapunguza mwendo tukipita kwenye kingo za udongo zilizotobokatoboka kama ukuta wa nyumba ya zamani. Ni makazi ya keremkerem, ndege wadogo wala nyuki, mamia kwa mamia, na mawimbi ya boti yenye haraka humega ukingo mzima. Ukiona tunakwenda polepole hapo, tumia nafasi hiyo: zima mazungumzo, tazama wanavyoingia na kutoka. Hakuna atakayekwambia sehemu hiyo ilikuwa ndogo kuliko kumwona simba.

Sasa, unalipia nini? Unalipia boti yenye jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, pamoja na watoto, nahodha na muongozaji wanaoujua mto wa wiki hii, na muda wa majini: kutoka saa 1 hadi saa 4 asubuhi, au kutoka saa 9 alasiri hadi jua linapokaribia kuzama. Viboko na mamba hatujawahi kuwakosa. Ndege utawaona wengi kuliko utakavyoweza kuwataja: yangeyange, mdiria, mnandi, korongo wenye domo la manjano. Tembo, mara nyingi katika kiangazi. Simba na mbwa mwitu ni bahati ya nchi kavu. Ukiwataka hao panga siku ya pili ya gari, maana eneo hili ni miongoni mwa ngome kubwa za mbwa mwitu waliobaki Afrika, ila hawaji mtoni kwa miadi. Njia yenyewe nahodha huiamua asubuhi, baada ya kuangalia maji na kuzungumza na wenzake waliotoka jana jioni. Ndiyo maana ya "tutaona asubuhi".

Maji yakikataa kabisa, au nahodha akisema hatutoki, pesa ya boti unarudishiwa yote, siku hiyohiyo, au tunakupa safari ya gari badala yake kama ukipenda. Kiingilio cha hifadhi hatuwezi kukirudisha kwa sababu hakipiti mfukoni kwetu. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo kuliko wageni wa nje, lakini ni lazima kitambulisho kionekane langoni, kwa hiyo usikiache nyumbani. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei hatupokei wageni wa boti. Barabara ya kuja Mloka huharibika, mto huwa na magogo, na hatuoni sababu ya kuchukua hela ya mtu kwa siku atakazokaa akitazama mvua. Novemba hadi Februari kuna joto na kijani, wanyama wametawanyika, ila wapenzi wa ndege wanaojua wanachokitaka huja wakati huo kwa ajili ya ndege wanaohamia kutoka Ulaya na Asia.

Usivae bluu wala nyeusi: mbung'o wa huku hupenda rangi hizo, na kuumwa kwao kunasumbua kuliko mbu. Jua la majini huunguza mara mbili, juu na chini, hivyo kofia na mikono mirefu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tafadhali msifike nayo.

Na dada yetu wa Dar, kwa kuwa ulisema mama anasumbuliwa na magoti: ngazi ya kushukia botini ni ya udongo uliochongwa ukingoni, na urefu wake hubadilika maji yakishuka. Tuambie siku mbili kabla, vijana watachonga vidaraja vifupi zaidi na kuweka kamba ya kushikia, na mama tutamketisha nyuma karibu na nahodha, ambako boti haitikisiki sana.