Malalamiko kuhusu kabati la nguo lililojengwa kinyume cha mkataba

Tabata,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: KABATI LA UKUTANI LA CHUMBA CHA KULALA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari mwaka huu mafundi wenu walinijengea kabati la nguo chumbani kwangu. Kwa macho linapendeza, na hilo nalikubali: rangi ya mninga imetoka vizuri, vishikio vimekaa kwenye mstari mmoja, taa za ndani zinawaka mlango unapofunguliwa. Wageni wakiliona wanalisifia. Shida inaanza unapotaka kutundika shati.

Mkataba tuliosaini, pamoja na mchoro wenye muhuri wenu, unasema kabati litakuwa na kina cha sentimita 60 na milango ya kuteleza. Nilichojengewa ni kabati la sentimita 45 lenye milango ya bawaba. Ukitoa unene wa mlango na ubao wa nyuma, ndani inabaki nafasi ya sentimita 42 tu. Henga ya nguo za mtu mzima peke yake inafika sentimita 43 mpaka 45, na hapo hujahesabu bega la koti. Kwa hiyo kila henga imekaa kimshazari, nguo zimelaliana, na mlango haufungi mpaka usukumwe kwa goti. Koti la suti la mume wangu linabanwa na mlango kwenye mkono wa kushoto, sentimita chache chini ya bega, na pale pamejitengeneza mkunjo ambao pasi imeshindwa kuutoa. Koti hilo ndilo analovaa kazini kwenye vikao.

Nilipompigia simu msimamizi wenu alinieleza kwamba kina kilipunguzwa ili milango ipate nafasi ya kufunguka, kwa kuwa kitanda ni kikubwa. Maelezo hayo siwezi kuyapokea. Kitanda changu cha sita kwa sita kilikuwa palepale siku mafundi walipokuja na futi kamba zao, na ni kwa sababu yake tulikubaliana milango ya kuteleza. Hesabu yenyewe si ngumu. Upande huo wa chumba una mita 3.6. Kitanda na fremu yake kinachukua sentimita 190, meza ya pembeni 50, kabati 60. Zinabaki sentimita 60 za kupita, na mlango wa kuteleza hauzigusi hata kidogo. Mlango wenu wa bawaba una upana wa sentimita 60, kwa hiyo ukifunguliwa kwenye njia ya sentimita 75 niliyobakiwa nayo, anayetafuta nguo anabaki na mahali pa kuweka miguu tu. Milango miwili ikiwa wazi, mtu mwingine hapiti kwenda bafuni. Mlibadilisha aina ya mlango, mkapunguza kina ili mlango mpya utoshe, na hakuna aliyeniuliza mimi niliyelipa.

Mpangilio wa ndani nao hauendani na nguo za nyumba hii, ingawa siku ya kupima nilimwonyesha mchoraji wenu nguo zenyewe na akaandika. Mume wangu anavaa kanzu kila Ijumaa. Kanzu ya mtu mrefu na gauni langu refu la shughuli vinahitaji nafasi ya kuning'inia isiyopungua sentimita 150. Shati na suruali iliyokunjwa juu ya henga vinatosheka na sentimita 100, na ndiyo maana mabomba mawili ya kutundikia nguo, moja juu na jingine chini, ni ubunifu mzuri kwa upande wa mashati. Ninyi mmeweka mabomba mawili kabati zima. Kanzu zinakunjika kwenye bomba la chini au zinaburuta kwenye sakafu ya kabati, na kanzu nyeupe ikiburuta mwezi mzima haifai kumpa mtu aende nayo msikitini. Kung'oa bomba moja la chini upande wa kulia kungemaliza suala hili, lakini mafundi walisema "kwenye mchoro wa ofisini" ndivyo lilivyo. Mchoro wa ofisini ni upi, ikiwa mimi ninao uliosainiwa?

Halafu kuna rafu ya khanga na mashuka. Ina urefu wa sentimita 120 bila nguzo katikati, kwa ubao wa milimita 16. Doti za khanga ni nzito zikipangwa kwa wingi, na mtu yeyote wa samani anajua ubao wa aina hiyo ukivuka sentimita 80 au 90 bila egemeo unaanza kupinda. Wangu umeshapinda, unaonekana kwa macho. Droo ni nzuri, reli zake zinateleza bila kelele, sina neno nazo.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni unyevu. Ukuta ule, upande wa pili ni bafu. Nilisema hivyo mbele ya mafundi wawili, na mchoro unaonyesha uwazi wa sentimita 3 kati ya kabati na ukuta, matundu ya hewa juu na chini, na miguu ya kuinua kabati kutoka sakafuni. Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Ubao wa nyuma umegandishwa ukutani, na kitako cha MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kimekalishwa moja kwa moja juu ya vigae. Nyumba za Dar es Salaam zinapigwa deki kila siku, maji yanagusa kitako kile kila asubuhi, na MDF ambayo ukingo wake haujazibwa inanyonya maji na kuvimba. Ndicho kilichotokea. Kona ya chini upande wa mlango imetutumka, utepe wa ukingoni umebanduka, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Bawaba za chini zimeshaanza kutoa kutu, jambo ambalo hewa ya mji wa pwani hufanya kwa chuma chochote cha bei nafuu, wakati mkataba unataja bawaba zisizoshika kutu.

Masika yalipoanza, ukungu ukatokea nyuma ya nguo. Nilitoa vitenge vya shughuli ya mdogo wangu nikakuta madoa ya kijivu yaliyosambaa kwenye mikunjo, na harufu ya uvundo. Mimi huzifukiza nguo zangu udi kabla ya kuzihifadhi, kama alivyonifundisha mama yangu, na sasa nikifungua kabati siusikii udi tena. Panga boi linazunguka usiku kucha lakini hewa yake haiingii ndani ya kabati lililozibwa nyuma, juu na chini. Vitenge viwili havikusafika.

Nilipolalamika mara ya kwanza niliambiwa, "Mama, vumilia, mbao zitazoea." MDF iliyovimba hairudi kuwa ilivyokuwa. Nadhani fundi yule analijua hilo, na najua pia alikuwa anatetea kazi ya kampuni, kwa hiyo simlaumu yeye. Nawalaumu waliopitisha kazi hii na kuita imekamilika. Ningetaka kabati la kawaida la kununua tayari, ningeenda kwa mafundi samani wa Keko nikachague la mninga wa kweli. Nilikuja kwenu kwa sababu mliahidi kusanifu kwa kufuata chumba changu na nguo zangu, na bei mliyotoza ilikuwa ya usanifu huo: shilingi 4,800,000, ambazo nimeshalipa 3,600,000 na kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Ninachodai ni kabati la kwenye mkataba. Hili livunjwe na lijengwe upya kwa kina cha sentimita 60 na milango ya kuteleza, likiwa na uwazi wa nyuma, matundu ya hewa na miguu isiyopungua sentimita 10, na kitako kisiwe cha MDF tupu bali cha bodi inayostahimili maji. Upande wa kulia ubaki na bomba moja la nguo ndefu, na rafu ya khanga iwekewe nguzo katikati. Kabla ya kujenga, ukuta ukaguliwe na upigwe rangi ya kuzuia unyevu. Droo na taa mnaweza kuzitumia tena. Vitenge viwili vilivyoharibika mnilipe, na risiti zake ninazo. Shilingi 1,200,000 zilizobaki nitazilipa siku nitakapolikagua kabati kwa mchoro mkononi na kuridhika. Kama kujenga upya hamuwezi, nirudishieni 3,600,000 na mje kuondoa mali yenu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kuelezwa kitu kimoja na kupewa kingine, na Tume ya Ushindani ina ofisi hapahapa Dar es Salaam. Nitapeleka nakala ya barua hii huko endapo sitapata jibu la maandishi kufikia tarehe 23 Juni 2025. Jibu lenyewe litaje siku mafundi watakapokuja na nani anawasimamia, kwa sababu maelezo ya simu nimeshapewa ya kutosha. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia asubuhi, na nitakuwa nimeshatoa nguo zote kabatini.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, mchoro uliosainiwa, risiti, na picha za kona iliyovimba, rafu iliyopinda na vitenge.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja, Tabata