Msizisugue saa za Kifaransa kwa dawa ya shaba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu saa za kale iliwashauri wasomaji wazisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kwa zile saa za Kifaransa za kuweka kwenye rafu ya juu ya meko ya kuotea moto, za shaba nyeusi (bronzi) iliyopakwa dhahabu, ushauri huo ni hasara isiyorudishika.

Ule umanjano si wa shaba. Ni dhahabu. Mafundi wa Paris wa zama za fundi mwenzao Pierre-Philippe Thomire (1751–1843) walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka uji huo juu ya shaba na kuipasha moto. Zebaki iligeuka mvuke, ikiwadhuru wao wenyewe, na dhahabu ikabaki imeshika. Baadhi ya sehemu ziliachwa zimefifia, nyingine zikasuguliwa kwa jiwe la akiki. Tazama vazi la sanamu kwa karibu: mikunjo haing'ai, pindo linameta. Ndivyo fundi alivyotaka. Dawa ya shaba ina chembe zinazokwangua, na mara nyingi amonia. Dhahabu huanza kutoka kwenye pua, magoti na ncha za majani, nayo amonia iliyojificha kwenye nakshi huila shaba taratibu.

Anayetaka kusafisha aondoe kwanza pendulamu, ule uzito unaobembea. Kisha alegeze skrubu mbili za nyuma huku ameshika uso wa saa, maana mashine hutokea mbele. Vumbi litolewe kwa brashi laini. Uchafu uliogoma ufutwe kwa pamba yenye maji yaliyotoneshwa na sabuni kidogo isiyo kali, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, halafu pakaushwe mara moja. Glavu zivaliwe, jasho lina chumvi.

Mnunuzi naye atazame upande wa chini, pasipopakwa kitu. Mkwaruzo wa manjano ni shaba, wa kijivu ni zinki, na bei haziwezi kulingana.

Kuhusu mlio: ikiwa akrabu zinaonyesha 5 na kengele inagonga mara 4, msizirudishe nyuma kwa nguvu. Kwenye saa zenye gurudumu la mipasuko, linalohesabu milio, mgongoni mwa mashine, inueni taratibu wenzo unaoingia mipasukoni, igonge tena mpaka hesabu ilingane. Na saa isihamishwe ikiwa na pendulamu yake. Katika nyingi za kabla ya katikati ya karne ya 19 inaning'inia kwa uzi wa hariri tu, nao hukatika kwa mtikiso mmoja.

Mpenzi wa saa za kale