Jumamosi, Kisiwa cha Toten na mgeni wetu

Wapendwa, habari za jioni.

Mgeni wetu kutoka Iringa amefika salama. Hajawahi kupanda mashua maishani mwake, kwa hiyo Jumamosi tunampeleka Toten, kisiwa kilichoko hapa Tanga. Tukutane Raskazone saa 12:30 asubuhi, tung'oe nanga saa 1:00 kamili. Tafadhali tusichelewe: ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, na yakishapwa mashua haisogei. Safari iliyopita tulikwama kwenye matope ya mikoko na watoto wakapigwa jua saa nzima. Sitaki yajirudie.

Kwanza tutamwonyesha magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mizizi imeingia kwenye kuta za matumbawe mpaka huwezi kujua kipi kimeshikilia kipi. Pale tuvae kwa stara, tusikanyage makaburi. Jina la kisiwa, Toten, ni la Kijerumani, maana yake wafu. Baadaye ni kuogelea.

Kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale), hivyo kombe na matumbawe tuviache palepale. Kibali nakishughulikia mimi.

Kila mtu avae yeboyebo, miamba inakata. Jaketi la kuokolea ni lazima, hata kwa mvuvi mzoefu. Dada zangu wa mkate wa kumimina, nawategemea.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku.