Simu imepata noti, haikupata pa kutua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako aliyesema kwamba mpiga kinanda wa leo hana sababu ya kusumbuka kutafuta kii ya wimbo (noti ambayo wimbo hutua, pamoja na noti zinazoizunguka), maana programu ya simu inamtajia kii na tempo, yaani kasi ya mapigo, kwa sekunde chache. Mimi nimeipigia kwaya kinanda kwa miaka 21. Programu hizo ninazo mbili na sizikatai. Ila moja ilinifedhehesha mbele ya waimbaji, na kisa chenyewe huenda kikamfaa anayeanza.

Tuliletewa wimbo mpya, rekodi tu, bila muziki wa kuandikwa. Waimbaji waliusikiliza wiki nzima; mimi sikupata muda. Siku ya mazoezi nikaiwekea simu, nayo ikaandika: C meja, mapigo 144 kwa dakika. Nikagonga kodi ya C (noti kadhaa zinazogongwa pamoja, si kodi ya serikali), nikairudia ili kila mtu apate mahali pake. Kumbe wimbo ni A maina, na maina ni sura ya kii inayosikika kwa huzuni kuliko meja. Wenzangu waliposikia C wakaidaka kama noti ya kuanzia, wakaupandisha wimbo mzima nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ya kutoka ufunguo mmoja wa kinanda hadi wa jirani, ukihesabu vyeupe na vyeusi). Penye kilele, ambapo rekodi inafika E, sauti ya kwanza ikajikuta inaitafuta G. Wachache waliipata. Wengine walinyamaza wakanitazama.

Haikuwa simu kubahatisha ovyo. C meja na A maina zina noti zilezile saba, zote funguo nyeupe. Kwa kawaida programu hukusanya noti inazozisikia, ikapima zipi zinajirudia kwa nguvu, kisha ikazilinganisha na sura ya kila kii kati ya zile 24, meja 12 na maina 12. Wimbo ukizungukazunguka sana kwenye C na G, mizani inaelemea meja, hata kama kila ubeti unatua A. Sisi tuliofundishwa kwa do-re-mi tungesema simu iliipata do bila kosa, lakini wimbo ulikuwa unakaa kwenye la.

Pa kutua hapajulikani kwa kuhesabu noti. Uzime wimbo katikati ya mstari, uache koo limalizie lenyewe. Noti linayoikimbilia ndiyo kwao. Itafute kinandani kwa kidole kimoja, halafu panda nusu toni tatu, kisha nne, huku wimbo ukiendelea. Ya nne ikikubaliana nao ni meja. Ya tatu ikikubaliana ni maina. Ukishindwa, sikiliza besi inaishia wapi, kwa sababu mwimbaji anaweza kumaliza juu hewani akijipamba, lakini besi mara nyingi hurudi kwao. Na sikiliza mpaka mwisho: kuna nyimbo ambazo kiitikio cha mwisho kinapanda nusu toni, na simu iliyosikia ubeti wa kwanza tu haina habari.

Kuhusu tempo, zile 144 zilikuwa 72. Mpiga ngoma alikuwa anagonga sahani mara mbili kwa kila pigo, na simu ikahesabu sahani. Nyimbo za sita kwa nane, ambazo kila pigo la mguu hugawanyika matatu, ndizo zinazoichanganya zaidi: mguu wako unakanyaga 60, simu inaandika 90 au 180. Kwa hiyo ninatazama mguu kwanza. Nikishaona unakanyaga wapi, nahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Hapo kuna mtego ulioniumiza miaka mingi: pigo la kwanza, lile unaloanzia saa, ni sifuri, si moja. Ukiliita moja umeongeza pigo ambalo halipo, na likizidishwa kwa nne wimbo wa 72 unakuwa 76. Mwimbaji mwenye pumzi fupi ataisikia tofauti hiyo kabla yako.

Mwandishi wako hakugusa rekodi za zamani, nami huko ndiko ninakoshinda. Mkanda ukizungushwa haraka kwa karibu asilimia 6, wimbo unapanda nusu toni nzima na mapigo 100 yanakuwa 106, vyote kwa pamoja. Ukizidi kwa asilimia 3 tu, wimbo unaangukia kati ya funguo mbili za kinanda. Isitoshe, A ya herzi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) tunayoichukulia kama amri ilikubaliwa kimataifa mwaka 1939, katika mkutano wa London. Ufaransa ilikuwa na 435 yake tangu 1859. Programu iliyotegeshwa 440 ikikutana na rekodi ya namna hiyo hukutajia kii ya jirani bila aibu, na ukiiwekea tena inaweza kukutajia jirani wa upande wa pili. Mimi hapo huzungusha kitufe cha kinanda cha kurekebisha sauti mpaka kifanane na rekodi, ndipo naanza kutafuta.

Wimbo ule tuliuimba hatimaye, mapigo 72, nikiwa nimeushusha mpaka G maina. Sauti ya kwanza walisema E sawa wangeifikia, lakini baada ya siku ile hawakutaka tena kuikaribia.

Wako,
Mpiga kinanda wa kwaya