Oili ya haidroliki ikigeuka nyeupe, zima trekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenye matrekta, madereva, wauza vilainishi na mamlaka zinazowasimamia. Mimi ni fundi wa matrekta hapa Ubaruku, wilayani Mbarali. Kila msimu wa kuvuruga majaruba, yaani kulainisha tope la mashamba ya mpunga kabla ya kupanda, naletewa matrekta ambayo wenyewe wanasema yamechoka. Plau hainyanyuki, au inanyanyuka kwa kushtuka-shtuka, au asubuhi inapanda vizuri na oili ikishapata moto inashuka yenyewe. Mengi ya hayo hayajachoka. Yameuawa na oili ya haidroliki, ile inayonyanyua plau, iliyoingia maji na tope, na dereva aliiona ikibadilika rangi lakini akaendelea kulima kwa sababu mashamba ya watu yalikuwa yanasubiri.

Haraka hiyo naielewa. Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, na zamu ikikupita jaruba linakauka na miche inazeeka kitaluni. Lakini siku moja ya kusimamisha trekta na kumwaga oili ni nafuu kuliko pampu mpya, na pampu ya kweli, siyo ya bandia, huipati hapa. Unaagiza Mbeya au Dar es Salaam, na kazi inasimama mpaka ifike.

Massey Ferguson za 240, 290 na 375, ambazo ndizo tunazohangaika nazo sana huku, hazina tanki la pekee la oili ya kunyanyulia. Pampu imekaa tumboni mwa trekta, ndani ya oili ileile inayolainisha gia na difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Kwenye 375 hata breki zimo humo humo. Kwa hiyo plau inapogoma, hiyo ni dalili ya kwanza tu. Beringi nazo zimeanza kula kutu, gia zinasagana bila ulainisho wa kutosha, na mwenye trekta anadhani ana tatizo la kunyanyua peke yake. Pampu yenyewe haivumilii uchafu. Nafasi kati ya pistoni na mahali inapotembea ni ndogo kuliko unene wa unywele. Chembe ambayo jicho linaiona tayari ni kubwa mno, na zile zisizoonekana ndizo zinazokwangua chuma mchana kutwa.

Msimu uliopita nilifungua chujio la trekta ya kikundi kimoja cha vijana. Waya wake ulikuwa umezibwa na ute wa kijivu mzito, na nilipousambaza kwenye karatasi nyeupe juani ukametameta vumbi la njano. Lile ni shaba ya ndani ya pampu. Oili yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Vijana wale walikuwa wameshabadilisha oili kabla ya kuniletea, kwa fedha yao halali, na ikageuka nyeupe tena kabla ya wiki kwisha.

Sababu zilikuwa mbili, na zote mbili nazikuta kila mahali. Kwanza, maji yalikuwa bado yanaingia. Sili ya ekseli ilikuwa imekatika na mpira wa chini ya mkono wa gia umechanika, na trekta inafanya kazi kwenye tope linalofika katikati ya gurudumu. Kubadilisha oili kabla ya kuziba mlango wa maji ni kumwaga fedha. Pili, tela. Tela lile la kubinua hutembea mitaa yote, leo limefungwa kwenye trekta hii na kesho kwenye nyingine, na silinda inayolibinua, ambayo hutumia oili ya trekta, inabaki na oili ya kila trekta iliyopita. Ukilichomeka, oili ile chafu inarudi tumboni mwako. Koki za mipira inayopitisha oili zinaburutwa chini hazina kifuniko, kisha zinachomekwa na mchanga wake. Kitambaa safi na kifuniko cha plastiki vingetosha.

Anayetaka kujua kama oili yake ina maji, achote kidogo kwenye chupa angavu, aiache itulie usiku kucha. Maji yaliyo huru yatakaa chini. Ikibaki nyeupe chupa nzima, maji yameshachanganyika na hayatajitenga kwa kusubiri. Ikiwa kuna shaka, atie matone mawili kwenye bati lililopashwa moto, akae mbali kidogo: oili yenye maji inapasuka-pasuka kama inayokaanga, oili kavu inatoa moshi kimya. Akishajua, asiwashe. Amwage yote, na silinda ya tela pia. Asafishe chujio, atie kiasi cha oili sahihi, azungushe injini bila mzigo huku akipandisha na kushusha mikono ya kunyanyulia, kisha amwage tena ndipo ajaze ya kudumu. Ile tabia ya kusuuza kwa petroli au mafuta ya taa tuiache, inabaki ndani na kuiharibu oili mpya. Na oili ya injini iliyokwisha tumika haina kazi kwenye haidroliki, hata kama jirani anakupa bure.

Oili iliyomwagwa nayo isipelekwe mferejini. Hili linaniuma, maana naliona. Mifereji yetu inarudi mitoni, na mito ya Usangu inaingia Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kabla maji hayajafika huko, kuna mama anachota maji hayo hapa hapa kijijini. Weka kwenye pipa lenye mfuniko mpaka apatikane mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi.

Sasa naomba kusema na wauzaji. Lipo duka lililowauzia vijana wale oili kutoka pipa lililosimamishwa nje, ikamiminwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kula. Pipa likisimama nje, mvua inatuama juu ya kifuniko. Mchana jua linalipasha joto, hewa inatoka, usiku linapoa na kuvuta ndani, na kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama, yanapita kwenye nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Yaani mkulima anaweza kununua maji dukani kwa bei ya oili bila muuzaji kujua. Pipa lilazwe ubavu, vizibo viwe usawa mmoja, na likae chini ya paa.

TBS (shirika la viwango), EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) na Tume ya Ushindani naziomba zifike huku kwenye miji ya mpunga, siyo kuishia mijini mikubwa. Wakague mapipa, wapime oili inayouzwa kwa kupimiwa, na waangalie lakiri za madumu. Halmashauri na mabenki yanayokopesha vikundi matrekta nayo yaweke kwenye mkopo chujio za akiba, oili ya mabadiliko ya kwanza na mafunzo ya dereva shambani, kwenye tope lenyewe. Kikundi kinapewa trekta na kadi yake, lakini hakuna anayewaonyesha nati ya kumwagia oili iko wapi. Kuvuruga kunashika kasi mvua zikikolea Desemba. Wakaguzi wakija Novemba watazikuta oili za msimu ziko madukani, kabla hazijaingia kwenye matrekta yetu.

Fundi wa matrekta,
Ubaruku, Mbarali, Mbeya