Kaka, usilipie kwanza ile keria

Kaka yangu,

Mzima wewe? Huku tuko salama kabisa, watoto wamelala ndo nimepata nafasi ya kukaa nikuandikie kwa utulivu. Picha zako nimeziona zote, na ile keria ya chuma ya kufunga juu ya paa la gari, yenye kuta pembeni na ngazi ya nyuma kweli inavutia, naelewa kwa nini umeing'ang'ania, ila nakuomba usitoe hela yoyote mpaka umalize kusoma hii barua, sababu mi nilishapita hiyo njia na ile gari yangu ya kwanza ya porini.

Sijui kama niliwahi kukusimulia vizuri. Nilifunga keria ya namna hiyo hiyo, mabomba ya chuma yamechomelewa, ndefu kuanzia juu ya kioo cha mbele mpaka mlango wa nyuma, siku ya kuipandisha tulihitajika watu wanne na hapo hapo ndo nilitakiwa nijiulize kitu kizito hivi kinaenda kukaa juu ya nini. Sikujiuliza. Nikapakia tairi la spea, madumu mawili ya maji, dumu la dizeli, chepe, turubai na masanduku mawili, tukaondoka. Siku ya pili tuko kwenye barabara ya vumbi, ile yenye vijibonde mfululizo kama bati, nikaanza kusikia kitu kinagonga juu, nasimama napanda kuangalia nakuta nati tatu za miguu ya nyuma ya keria zimelegea, moja haipo kabisa, na gata la upande wa kulia, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni ya paa ambao miguu inashika, limeanza kupinda kwenda nje. Nikakaza zilizobaki tukarudi mwendo wa pole. Mvua zilipoanza ndo nikajua ukubwa wa tatizo, maana ile sili kwenye maungio ya paa na ubavu ilishachanika, maji yakawa yanateremka ndani ya nguzo ya mlango mpaka kwenye kapeti. Fundi wa bodi alilinyoosha gata lakini paa halikurudi lilivyokuwa na iliniuma sana, ile gari niliipenda.

Kwa iyo siku hizi mi sianzi na muonekano, naanza na kilo.

Chukua kitabu cha gari yako utafute panapoandikwa mzigo wa paa. Namba utakayoikuta pale kwa kawaida ni ya gari ikiwa inatembea, na keria yenyewe inahesabiwa humo humo, hilo ndo watu wengi hawalijui, wanadhani wakiambiwa kilo 100 basi ni kilo 100 za mizigo. Na usishangae ukikuta namba ndogo. Suzuki Jimny hii ya toleo la 2018 imeandikiwa kilo 30 tu, wakati Land Rover Defender mpya imeandikiwa kilo 168 ikitembea na kilo 300 ikiwa imesimama, zote gari za porini lakini paa zao mbingu na ardhi. Hiyo tofauti ya kutembea na kusimama ndo inafanya watu wawili wazima waweze kulala kwenye hema juu ya paa bila shida, gari ikiwa imesimama mzigo umetulia, haurukiruki, lakini ikitembea kila shimo unalopiga ule mzigo unanyanyuka na kurudi chini kwa nguvu kuzidi uzito wake, na ikikata kona au ukikanyaga breki unavutwa pembeni na mbele, na yote hiyo inabebwa na miguu michache tu iliyoshika kwenye bati jembamba.

Alafu paa lina namba yake, miguu ina yake, keria au vile vyuma vya kukatisha paa vina yake, sasa wewe unafuata iliyo ndogo kuliko zote. Na watengenezaji wengi wa vyuma na keria wanakwambia ukiingia barabara mbovu gawanya hiyo namba kwa 1.5.

Tufanye gari yako imeandikiwa kilo 100. Ukigawanya kwa 1.5 unabaki na kama 66 za porini. Ile keria ya kwenye picha kwa jinsi ilivyo nene sidhani kama inapungua kilo 45, toa hapo, zinabaki 21. Hema lako umeniambia ni kilo 48. Umeona sasa? Hata kabla hujaweka chepe umeshazidisha mara mbili na zaidi. Ila ukiweka vyuma viwili vya aluminiamu vya kukatisha paa, pamoja na miguu yake tuseme kilo 12, zinabaki 54, hema linakaa na unabakiwa na kilo 6 za turubai na vitu vidogo. Inabana, lakini inakubali. Na kuna hili la kuta, hema la paani linatakiwa likae juu ya kitu tambarare maana kitako chake ni kipana na linafunguka kwenda pembeni, ile keria yako ni kapu, kuta zake zitalizuia, ungeishia kutafuta fundi azikate.

Najua utauliza kama ukiongeza chuma cha tatu utabeba zaidi. Hapana kaka, kilo za paa zinabaki zile zile. Cha tatu kinasaidia kugawanya mzigo usikae sehemu mbili tu, na kwa sababu gari yako ina gata unaweza kusogeza miguu mbele na nyuma unavyotaka, hilo gata ni bahati kubwa, gari nyingi za sasa hivi hazina, unakuta zina reli au matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya ule utepe wa plastiki, au miguu inabana kwenye ukingo wa mlango kabisa, na hapo lazima ufuate sehemu zilizopangwa. Kwa hema angalia tu kitabu chake kinataka vyuma vipishane umbali gani.

Simaanishi keria ni mbaya. Ungekuwa mtu wa safari za wiki tatu nne mfululizo na mizigo midogo midogo mingi isiyo mizito, mabegi, viti, magodoro, ningekwambia tafuta keria bapa ya aluminiamu, zile za vipande vinavyofungwa kwa bolti, sio za kuchomelewa, maana aluminiamu iliyochomelewa vibaya mtetemo wa barabara mbovu unaipasua pale pale kwenye maungio. Chuma kina faida yake, kikikatika popote utapata mtu wa kukichomelea, lakini ni kizito na rangi ikichubuka tu kutu inaanza. Ila wewe umeniambia unatoka mara mbili tatu kwa mwaka na hema, siku zilizobaki gari inakupeleka kazini. Keria kubwa itakaa juu mwaka mzima inakata upepo na kula mafuta bure, vyuma viwili unavifungua jioni moja unaviweka ndani.

Kwenye vyuma vyenyewe chagua vyenye umbo la bawa. Vile vya pembe nne vinapiga mluzi, ukishika kasi kwenye lami ile sauti inakaa kichwani mpaka unafika umechoka. Kama vina mfereji juu hakikisha ule mpira wake wa kuziba upo, ukiuacha wazi unalia hata kama umbo ni zuri.

Maji na dizeli vitoe juu kabisa. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20, hapo hujahesabu dumu lenyewe, yaweke ndani chini nyuma ya siti na uyafunge. Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito sababu najua unapenda zile njia za kukata ubavu wa kilima, gari ikilala upande kila kilo iliyo juu inaivuta ipinduke, na utaiona hata kwenye kona za kawaida jinsi gari inavyoyumba na kuchelewa kurudi. Zile bodi za plastiki za kujinasua matopeni nazo ni nzito kuliko zinavyoonekana, zipime, kama hazimo kwenye zile kilo 6 zikae ndani na chepe.

Siku ya kufunga osha gata vizuri na mswaki, mchanga ukibaki chini ya mguu wa chuma unasaga rangi kidogo kidogo kama msasa mpaka unafika kwenye bati. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa, usikaze kwa hasira, bolti ya chuma kwenye aluminiamu ukizidisha unakula nyuzi zote. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi zisije zikashikana, kama karatasi yao haikatazi. Kisha ukishatembea kama kilomita 50 simama ukague, na ukiwa kwenye vumbi kagua kila asubuhi kabla hujawasha gari, mimi napitisha mkono kwenye kila mguu nautikisa, ni dakika mbili tu.

Nusu nisahau, mlango wako wa nyuma unafunguka kwenda juu, sivyo? Basi ufungue wote upime ncha yake inafika wapi, hema likirudi nyuma sana litagongana nao.

Nitumie picha ya ule ukurasa wa kitabu cha gari, na picha ya gata kwa karibu pande zote mbili nione kama lina kutu. Pima pia urefu wa gari kutoka chini mpaka juu ya paa, tutajumlisha na hema uandike namba uibandike kwenye dashibodi. Jumamosi nina nafasi, nitakuja na spana zangu na kile kipimo cha kukazia. Msalimie sana shemeji.

Ni mimi ndugu yako