Kaunta buku za Mwalimu

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini baridi ya Mbeya haijawasumbua sana, na shemeji na watoto hawajambo. Huku Temeke tuko salama, joto ni lile lile unalolijua.

Siku ile uliponipigia simu kuulizia habari za mazishi ya Mwalimu wetu, yule wa darasani na wa kwaya, nilikujibu kwa mkato. Nisamehe. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa, watu wanapanda basi la Lushoto, na mimi ndiye niliyeshika daftari la michango. Sasa nimetulia. Nina jambo la kukueleza, na mwisho nina la kukuomba.

Watoto wa Mwalimu wamenikabidhi kaunta buku zake. Ziko kumi na moja, zilikuwa juu ya kabati zimefungwa kwenye nailoni. Kila moja ina pande mbili. Ukiifungua kwa mbele unakuta nyimbo, sauti nne, zimeandikwa kwa solfa, zile herufi za do-re-mi, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: juu kushoto "Doh F", yaani do ni noti ya F, halafu herufi zimepangwa safu kwa safu, nukta mbili zake zimenyooka kama zimepigiwa rula. Chini ya kila wimbo ameandika "Utukufu kwa Mungu peke yake". Unajua alikoyatoa hayo: ndivyo Bach, yule mtunzi Mjerumani, alivyotia alama kazi zake, kwa Kilatini, herufi tatu tu, SDG. Ukiigeuza kaunta buku ukaanzia nyuma, unakuta darasa. Majina ya watoto wasiokuja shule, tarehe, na sababu. "Hana viatu." "Mama yuko hospitali." "Anauza maji stendi, nimeongea na baba yake." Kurasa za nyimbo zinakwenda mbele, za watoto zinarudi nyuma, na katika daftari moja zimekutana katikati kabisa hadi hapakubaki nafasi.

Nimekaa na daftari hilo usiku mzima. Sisi tulizoea kusema Mwalimu alikuwa na kazi mbili. Yeye hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Kule Usambara alikozaliwa, mwalimu wa misheni ndiye aliyefundisha kusoma siku za kazi, na ndiye huyo huyo aliyeanzisha wimbo Jumapili. Sheria ya elimu ya 1969 ilipofuata na shule za makanisa zikawa za serikali, yeye akawa mtumishi wa serikali, akahamishiwa Dar. Nadhani moyoni mwake hakuna kilichohama. Ndiyo maana alipenda sana kuturudishia lile neno la Luther, kwamba mwalimu wa shule asiyejua kuimba yeye hamtazami. Alilisema kwa upole, lakini alilisema mbele ya walimu wenzake pia.

Unakikumbuka kile kichuma chake chenye meno mawili, cha kutolea sauti? Sisi ndio tuliokaa sakafuni darasa la sita, miaka ile ya UPE, elimu ya msingi kwa wote, watoto wamejaa hadi mlangoni. Alikigonga kwenye goti, akakitumbukiza ncha kwenye glasi ya maji, maji yakaruka yakamlowesha shati. Akatuambia: hiyo ni mitetemo 440 kwa sekunde, ndiyo sauti, na sauti ni kitu, siyo hewa tupu. Jumatano jioni kichuma kile kile kikatoka mfukoni kanisani, akakisikiliza sikioni, akatupa do. Mimi nilielewa sayansi siku hiyo, kanisani, wala si darasani.

Na ile habari ya Bach kutembea! Kila mara mtu alipochelewa mazoezi akasingizia mvua au daladala, tuliijua inakuja. Kijana wa miaka ishirini, 1705, ametoka Arnstadt kwa miguu hadi Lübeck, karibu kilomita 400, kwenda tu kumsikiliza mpiga kinanda aitwaye Buxtehude. "Hiyo ni hapa hadi Morogoro na kurudi," alikuwa anasema, "na wewe umetoka Tandika."

Sasa nikuambie nilichokikuta upande wa nyuma wa daftari la tatu. Jina langu. Pembeni yake: "Sauti imeanza kuvunjika. Asiimbe hadi Pasaka. Apewe taa, asiache kuja." Unakumbuka nilivyokuwa nashika chemli umeme ukikatika, nasimama kando ya kinanda nafunua kurasa? Miaka yote hii nilijua nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mrefu. Nilijivunia taa ile. Niliporudi kuimba nilikuwa wa sauti ya tatu, na tangu hapo sijatoka kwenye kwaya. Wapo walimu wa kwaya wanaomwambia mtoto wa umri ule akae nyumbani kwanza, na huyo mtoto harudi. Hilo linaniuma nikiliona hadi leo.

Nifike kwenye ombi. Siku ya Matengenezo ya Kanisa, Oktoba 31, tunataka kuimba ule wimbo wake wa Zaburi ya 46, tuliouimba kanisani Azania Front, meli ikapiga honi bandarini wakati ameshainua mikono, naye akasubiri mikono ikiwa hewani mpaka honi ikaisha. Nimeukuta. Ila mchwa wamekula ukurasa kwa chini, na kwa chini ndiko iliko sauti ya nne, besi. Ya kwanza, ya pili na ya tatu ziko zote. Besi imebaki mistari miwili ya mwanzo, halafu ni tundu. Vijana wamejitolea kuitunga upya, na wanaweza, wamesoma. Mimi nimewaomba wasubiri kidogo, maana wewe uliimba besi ile kando yangu, bega kwa bega, na nakumbuka pale kwenye "maji yake yajapovuma" nyinyi mlishuka peke yenu sisi tukiwa tumesimama kwenye noti moja. Nasikia mlivyoshuka, lakini siwezi kukamata mlikotua.

Tafadhali kaa chini ujaribu. Ukishindwa kuandika solfa, iimbe kwenye simu unitumie, hata kama sauti inakwaruza, mimi nitaiandika. Anzia "Mungu kwetu sisi ni kimbilio", Doh F, polepole kuliko unavyodhani. Alitaka polepole.

Mazoezi yanaanza Jumatano ijayo. Msalimie shemeji.

Ndimi nduguyo,
wa sauti ya tatu